Gesi ya mtungi

Katika mitaa ya Nairobi kama Kayole au Umoja, ukitikisa mtungi wa gesi wa kilo 6 utasikia kitu kikicheza ndani kama maji, lakini kila mtu hukiita “gesi”. Je, jina limekosea? Mle ndani, propani na butani zimeshindiliwa hadi zikawa kimiminika. Ukifungua mtungi, shinikizo hupungua, kimiminika huchemka na kugeuka gesi. Kuchemka huko hula joto, ndiyo maana mtungi hupoa, hata ukatoka jasho. Mkosoaji atadai tuseme “kimiminika”. Hapana: kinachofika mekoni na kuwaka ni gesi, na jina limefuata matumizi. Ila jina lisitusahaulishe kilichomo. Mtungi usimame wima daima. Ukilazwa, kimiminika chenyewe kinaweza kutoka.