Kamba za Mashua ya Kuokolea

Tukitazama mambo ya kale ya pwani ya Tanga na Pangani, twaona kwamba watu wake walijua thamani ya kamba tangu zamani. Makumbi ya nazi yalizikwa katika tope la pwani hata yakalainika, kisha yakapondwa kwa magongo, na usumba wake ukasokotwa kuwa kamba za vyombo.

Zilipokuja meli za moshi, kamba ilipata kazi nyingine kubwa. Mashua za kuokolea watu zilitundikwa ubavuni mwa meli katika vyuma viwili vilivyopinda. Kila mashua ilishikwa kwa kamba mbili zilizopita katika makapi, moja ya omo na moja ya tezi. Siku ya hatari mabaharia walizilegeza zote mbili pamoja, polepole, kwa kipimo kimoja. Ya omo ikikimbia na ya tezi ikikwama, mashua huinama na kuwamwaga watu baharini. Kamba mbovu ikikatika, waliokwisha kuokoka moto hufa maji.

Kwa hiyo mabaharia walitaka kamba bora, nao waliipenda sana ile ya Manila, itokanayo na mmea wa Ufilipino ulio jamaa ya mgomba. Lakini mwaka 1942 Wajapani waliiteka nchi hiyo. Waingereza na Wamarekani wakakosa kamba hizo katikati ya vita, wakati meli zao nyingi zilipokuwa zikizamishwa. Basi wakageukia katani, na sehemu kubwa ya katani hiyo ilitoka Tanganyika.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, alipata miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katika hiyo michache yalitoka mashamba makubwa ya Tanga, Muheza na Korogwe.

Kamba ya katani haina nguvu sawasawa na ya Manila, tena hunywa maji na kuvimba. Yataka kuanikwa na kukaguliwa mara kwa mara. Lakini katika dhiki ile ilifaa.

Siku hizi mashua za meli kubwa hushushwa kwa kamba za waya wa chuma. Hata hivyo, tunapomsifu baharia wa miaka ile ya vita, yatupasa kumkumbuka na manamba, aliyetoka mbali kuja kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Jasho lake pia lilisokotwa ndani ya kamba za meli.