Posho ya Wapishi

Posho ni neno la zamani kuliko ofisi nyingi zinazoigawa leo. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikipita Unyanyembe kati ya Bagamoyo na Ujiji, posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku: kibaba kimoja cha nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia nafaka hiyo njiani. Mzigo begani ulikuwa kama kilo 30, na kwa waliobeba pembe ukazidi hapo. Bila posho mpagazi hanyanyuki. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira jinsi wanaume walivyokaa chini alfajiri, mizigo imepangwa, hakuna anayeinama kuushika wake. Waliuita uvivu na ukaidi. Mimi nikisoma naona watu waliojua thamani ya miguu yao.

Neno jingine la njia ile ni kambi. Lilikuwa mahali pa kulala, na pia lilikuwa kundi la wapagazi wanaokula chungu kimoja. Mimi kambi nimeijulia jikoni. Ni mzazi wa hapa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, na kila mwaka kabla ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi inayoanzia kwenye kata na kupanda hadi taifa, watoto waliochaguliwa huwekwa kambini. Wanalala madarasani, wanakimbia asubuhi, wanacheza netiboli na mpira jioni. Katikati wanakula. Wanaopika ni sisi wazazi, yaani akina mama, kwa kujitolea. Akina baba huleta kuni kwa baiskeli, wakae kidogo kutazama mazoezi, waondoke.

Msimu nao ni uleule. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, wakijitahidi kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Kambi yetu pia hula kwa sababu ni miezi ambayo mahindi yapo nyumbani. Ingewekwa Januari, sijui nani angeleta debe.

Nimetafuta wapishi katika habari za misafara. Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, aliorodhesha vitambaa na shanga kwa rangi na urefu. Wapagazi walihesabiwa kwa vichwa na mizigo yao kwa uzito. Lakini Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao. Hao walibeba vyungu, unga na watoto wachanga, na walipofika kambini kazi yao ndiyo kwanza ilianza: maji, kuni, ugali. Wanatajwa kwa kupita tu, pengine wanapochekwa.

Reli ilifika Tabora 1912 na mzigo wa begani ukapoteza bei. Kisha ikaja vita. Wabelgiji walipoingia mjini Septemba 1916, upagazi haukuwa tena kazi ya kupatana mshahara. Majeshi ya pande zote yalichukua watu vijijini wabebe risasi na unga. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake limetokana na kikosi cha wabebaji wa Waingereza. Baada ya uhuru tukapata neno kujitolea, neno zuri, na watu wakajenga shule na zahanati kwa mikono yao. Mama yangu alifyatua matofali. Alinihadithia pia habari za balozi aliyepita jioni na daftari la wasiofika.

Daftari hilo halijafa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, tukaanza Januari 2016 bila ada. Michango ya hiari ikabaki, na hiari ina namna yake ya kukaguliwa.

Mwaka juzi orodha ya kambi ilisomwa, na mtoto mmoja wa mita 800 hakusomwa. Wote tulikuwa tumemwona akiwaacha wenzake. Analelewa na bibi yake. Mwalimu wa michezo wa shule moja, ambayo siitaji, alisema kwao hawakuleta unga. Hakuwa mkali. Alisema kana kwamba anasoma taarifa ya mvua.

Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele aliuweka ungo chini. Wa pili akaketi kwenye kinu. Hatukupatana lolote, kila mmoja alikaa alipokuwa, mafiga matupu, hadi jua likapanda.

"Mama zangu," mwalimu akaja, "watoto watalala njaa."

"Hawatalala, mwalimu. Andika jina kwanza."

Alisema hilo si lake, ni la kamati. Akaambiwa basi aiite kamati, sisi tupo. Alikwenda nyuma ya darasa kupiga simu. Aliporudi alikuwa ameandika jina kwa kalamu nyekundu, chini kabisa ya karatasi, na moto ukawashwa saa tano. Ugali siku ile ulichelewa na maharage hayakuiva vizuri. Yule mtoto alikula sahani mbili.

Alifika ngazi ya manispaa akawa wa nne, safari yake ikaishia hapo. Bibi yake alikuja siku ya mwisho na kuku, akakataa kurudi naye.

Siku hiyohiyo wasimamizi walisaini karatasi ya posho. Siku hizi posho ni fedha, na aliyeketi mezani ndiye anayelipwa. Sisi tulikuwa tunasugua masizi. Sufuria zangu zilikuwa mbili. Moja ilirudi. Nyingine, ile kubwa yenye mkono uliokatika, iliondoka na gari la vifaa, na mpaka leo nikikutana na mwalimu yule sokoni ananiwahi kabla sijaifikia salamu: "Mama, naifuatilia."