Ufutaji salama wa data

Ufutaji salama wa data ni kuondoa taarifa kwenye kompyuta, simu au chombo kingine cha kuhifadhia kwa namna ambayo mtu mwingine hawezi kuzirudisha. Hufanyika hasa kabla ya kuuza kifaa, kukigawa au kukitupa.

Kufuta kwa kawaida

Mtumiaji anapofuta faili na kumwaga kapu la taka, mfumo wa uendeshaji hauondoi faili yenyewe. Unaondoa tu kumbukumbu ya mahali ilipo, kama mtu anayechana ukurasa wa yaliyomo kitabuni na kuziacha sura zote. Nafasi ile huhesabiwa kuwa tupu, lakini kwa kawaida data hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake. Programu za kurudisha faili, nyingine za bure, zinaweza kuisoma. Kufomati kwa haraka nako ni vilevile.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa MIT nchini Marekani, walichapisha utafiti wa diski 158 za mitumba. Diski 129 zilifanya kazi, na 12 tu kati yake zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua binafsi, taarifa za matibabu na maelfu ya namba za kadi za mkopo.

Njia

Kwa diski kuu za sumaku, njia ya kawaida ni kuandika sifuri au data isiyo na maana juu ya diski nzima. Mwaka 1996 Peter Gutmann alieleza mpango wa kuandika mara 35, na bado wapo mafundi wanaourudia. Kwa diski za leo ni kupoteza muda: mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika toleo lake la mwaka 2014, uliona mara moja inatosha kwa kawaida. Tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu huandika sifuri diski nzima. Diski ya terabaiti moja huchukua saa kadhaa, kwa hiyo laptopu ibaki kwenye chaja. Umeme ukikatika katikati, kazi haijakamilika.

Diski za SSD ni habari nyingine. Kidhibiti chake husambaza data kwenye chipu na kuacha akiba ya nafasi ambayo programu ya kawaida haiifikii, hivyo programu kama DBAN, iliyotengenezwa kwa diski za sumaku, haifai. Hutumika amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, kwa kawaida kupitia programu ya mtengenezaji. Njia nyepesi zaidi ni kuifunga diski yote kwa usimbaji fiche, kwa mfano BitLocker, tangu siku ya kwanza. Ufunguo ukifutwa, kinachobaki hakisomeki. Diski iliyoharibika haiwezi kuandikwa tena, hivyo huvunjwa au kusagwa. Katika SSD ni lazima chipu zenyewe zivunjike.

Nchini Tanzania

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Miongoni mwa kanuni zake, taarifa zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika.

Jambo hili linawagusa sana wenye steshenari. Singida mjini, Manyoni au Kiomboi, kompyuta moja ya dukani inaweza kuwa imeskani vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na fomu za mikopo ya wanafunzi za watu wengi. Anayeiuza bila kuisafisha anauza pia siri za wateja wake, ambao hawajui hata kama nakala zao zilibaki humo. Mashine ya kunakili ya kisasa nayo huweza kuwa na diski ndani, na hiyo husahaulika kabisa.

Kabla ya kufuta

Mwenye kompyuta huhamisha kwanza faili anazohitaji kwenye diski ya nje, kisha huzifungua huko kuhakikisha zinasomeka. Hutoka kwenye akaunti zake zote, na kupitia simu huiondoa kompyuta kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari huenda pamoja na diski, lakini zile zilizolandanishwa na akaunti hubaki mtandaoni, na mtu aliyewahi kuzinakili bado anazo mpaka zibadilishwe. Akishindwa kufuta, anaweza kuchomoa diski na kuuza kompyuta bila hiyo, ingawa bei itashuka.