Simba wa pili alichuja: historia fupi ya katuni za mwendelezo

Wasomaji wangu mmezoea kuja hapa kutafuta habari za PHP, hifadhidata na namna ya kufufua kompyuta iliyogoma kuwaka. Leo naomba ruhusa nizungumze sinema. Msiondoke! Kompyuta zimo, tena nyingi, na hata amri ya kufuta mafaili imo.

Swali langu ni hili. Kwa nini karibu kila katuni iliyopendwa na watoto pamoja na wazazi wao ilizaa mwendelezo uliochuja? Sisemi sinema mbaya tu, hizo zipo tangu zamani. Nasema ile hali ya kumngojea rafiki wa siku nyingi, halafu anaingia mtu mwingine aliyevaa nguo zake.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mkubwa ni mmoja: The Lion King ya 1994, na mwendelezo wake The Lion King II: Simba's Pride uliotoka Oktoba 1998. Niliwawekea watoto wa ndugu yangu zote mbili nyumbani Pap Onditi, kule Nyakach, wakati wa likizo ya Desemba. Ile ya kwanza waliicheka mapema, na kwa sababu ambayo Mmarekani hawezi kuidhania. Kwa Kijaluo simba ni ile nyumba ndogo anayojengewa kijana ambaye hajaoa. Mnyama mwenyewe tunamwita sibuor. Basi mfalme mtarajiwa ana jina la chumba cha kaka yao! Wakacheka, wakazoea, na baba yake alipokufa wakanyamaza kabisa.

Ya pili haikuwanyamazisha. Haikuwa imefika hata nusu saa, binti wa miaka kumi akanigeukia: "Baba mdogo, huyu Kovu si ni Scar tena?"

Naam. Kovu kwa Kiingereza ndiyo scar. Waandishi walimwita kijana aliyeteuliwa na Scar kwa jina lile lile la Scar, wakalifunika kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa Chicago hilo ni fumbo zuri. Kwa mtoto wa Nyakach limeandikwa kwenye paji la uso. Na si yeye peke yake: mama yake anaitwa Zira, na kuzira tunajua ni nini. Dada yake ni Vitani. Kaka yake, maskini, ni Nuka. Ukijua Kiswahili unapewa muhtasari wa hadithi yote kabla nyimbo hazijakolea: kuna mama aliyezira, kuna vita, kuna kovu litakalopona.

Sasa rudini kwenye ile ya 1994. Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi ni Kiswahili, sawa. Lakini Banzai ni Kijapani, Ed ni Kiingereza, na Mufasa ukimtafuta kwenye kamusi yetu utatoka mikono mitupu. Kwa maneno mengine, mwendelezo una Kiswahili kingi kuliko sinema mama. Kila kitu kingine kilipungua, Kiswahili kikaongezeka. Hapo ndipo ninapoona kiini cha biashara yote hii: kuchora ni ghali, jina ni bure.

Tuangalie gharama hizo zilikuwa wapi. Sinema ya 1994 ilitengenezwa kwa dola kama milioni 45. Wakuu wa kazi walifika Kenya, wakatembelea Hell's Gate kule Naivasha, wakaangalia miamba na mwanga wa jioni. (Inasemwa hata lile neno la "hakuna matata" walilipata kwa mwongoza watalii wakiwa safarini huku. Sisi tulikuwa tumeshalicheza tangu 1982, Them Mushrooms walipotoa Jambo Bwana.) Michoro ilifanywa kwa penseli, kisha ikaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa CAPS, uliotengenezwa na Disney pamoja na Pixar. Kabla ya mfumo huo kila mchoro ulinakiliwa juu ya plastiki angavu na kupakwa rangi kwa mkono. CAPS ilipaka rangi ndani ya kompyuta, ikapanga tabaka za mandhari nyuma ya wanyama, ikaifanya kamera isogee kati ya tabaka hizo.

Halafu lile tukio la nyumbu. Hamkulisahau, najua. Hao nyumbu hawakuchorwa mmoja mmoja. Kikundi kidogo kilitengeneza nyumbu wa kompyuta, kikaandika programu ya kuwatawanya bondeni kwa mamia, kila mmoja akikimbia kivyake bila kumgonga mwenzake. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kupata kama dakika mbili na nusu za picha. Mwenzangu unayeandika programu, hesabu mwenyewe ni siku ngapi kwa sekunde moja.

Simba's Pride haikuzaliwa katika nyumba hiyo. Ilichorwa zaidi katika studio ya Disney ya Sydney, Australia, kwa ajili ya kanda za video na si kwa majumba ya sinema. Elton John na Tim Rice hawakuandika nyimbo zake. Hans Zimmer, aliyepata Oscar kwa muziki wa ile ya kwanza, hakurudi kuuongoza. Wimbo wake wa kufungulia, ambao kwangu ndio uti wa mgongo wa filamu nzima, ulitoka kwenye albamu ya 1995 ya Lebo M na wenzake. Ulikuwa tayari kabati. Hadithi ikaazimwa kwa Shakespeare: Romeo na Juliet wenye mikia. Sioni kosa kuazima, maana ile ya kwanza nayo iliazima kwa Hamlet. Tofauti ni kwamba ya pili haikulipa hata riba.

Wachoraji wa Sydney msiwalaumu, nawaomba. Walifanya walichopewa muda na fedha ya kufanya. Anayestahili kuulizwa ni kanda ya video yenyewe.

Twende nyuma kidogo. Novemba 1990 Disney ilitoa The Rescuers Down Under, mwendelezo wa sinema yake ya 1977. Kiufundi ilikuwa ya ajabu: ndiyo sinema ndefu ya kwanza kupakwa rangi yote kwa CAPS. Kibiashara ilizama, kwani ilitoka siku moja na Home Alone. Funzo walilojifunza wakubwa ni kwamba mwendelezo haufai kwenye jumba la sinema. Mwaka 1994 wakajaribu njia nyingine. Walikuwa wanaandaa vipindi vya televisheni vya Aladdin. Vile vya kwanza wakavishona pamoja, wakauza kama sinema ya kanda, The Return of Jafar. Robin Williams hakuwemo, sauti ya jini ilifanywa na Dan Castellaneta. Michoro ilikuwa ya televisheni. Kanda zikauzwa kwa mamilioni!

Mzazi dukani alikuwa haangalii michoro. Aliangalia jalada, akaona uso anaoujua, akafungua mkoba. Na kanda, tofauti na tiketi, imeshalipiwa kabla mtu hajajua kama ni mbaya. Jumba la sinema lina adhabu yake: watu wakitoka wamenuna Ijumaa, Jumapili viti vitupu. Kanda haina Jumapili. Ndiyo maana baada ya hapo mafuriko yalifunguka: nguva wa pili 2000, Cinderella wa pili 2002, kibwengo wa Notre Dame wa pili mwaka huo huo, Bambi wa pili 2006. Kampuni nyingine nazo hazikulala. The Land Before Time ya 1988, ile ya watoto wa dinosaria, ina mwendelezo kumi na tatu!

Na huku ziwani? Sisi hatukununua kanda hizo dukani. Zilifika zikiwa nakala ya nakala, kwenye kibanda cha video chenye jenereta siku za soko, runinga ya inchi 14 na watoto arobaini wakifukuzana na vumbi. Baadaye zikaja CD za video, halafu zile DVD za mseto zilizouzwa barabarani Kisumu, sinema nane ndani ya diski moja. Kwenye menyu yake Simba wa 1994 na Simba wa 1998 walikaa bega kwa bega, picha ndogo sawa kwa sawa, mwaka haukuandikwa. Wengi wa rika langu walianza na wa pili.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalonipendeza. CD ya video ina picha ya nukta 352 kwa 288 tu, imebanwa kwa MPEG-1. Ukibana hivyo, mandhari ya Naivasha yaliyochorwa kwa miaka yanakuwa madoa ya kahawia, na mandhari ya haraka ya Sydney yanakuwa madoa yale yale. Ule mpaka wa fedha kati ya sinema mbili ulifutwa na mbano. Kilichobaki ni hadithi na sauti. Na bado tulijua! Jenereta ikizimika katikati ya kifo cha Mufasa watu walipiga kelele wakitaka pesa zao. Ikizimika kwenye mapenzi ya Kovu na Kiara, walikwenda kununua miwa.

Si kila mwendelezo ulianguka, na ule uliosimama una kisa ambacho nimekihifadhi makusudi. Toy Story 2 nayo ilianza kama kazi ya kanda tu. Mwaka 1998, kazi ikiendelea pale Pixar, mtu fulani alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na sinema ikaanza kutoweka kwenye mashine, kofia ya Woody kwanza, kisha Woody mwenyewe. Nakala za akiba zikaangaliwa: zilikuwa hazifanyi kazi. Kilichookoa jahazi ni kwamba Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, alikuwa amejifungua na alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani. Waliibeba kwenye gari imefungwa blanketi kama mtoto. Kisha, baada ya jasho lote hilo, waongozaji wakaitazama kazi na kusema haitoshi. Wakaiandika upya karibu yote na kuimaliza kwa kama miezi tisa, ikaenda kwenye majumba ya sinema Novemba 1999. Watu walichoka hadi kuumia mikono. Hiyo ndiyo bei ya mwendelezo mzuri, na ndiyo maana wengi hawakuilipa.

Upande wa Simba, anayenifurahisha ni wa tatu, The Lion King 1½ wa 2004. Timon na Pumbaa wanatazama sinema ya kwanza gizani, wanairudisha nyuma, wanairuka mbele, wanagombania rimoti. Ni filamu ya diski inayojua kuwa ni ya diski. Nayo ilitoka Sydney, kwa hiyo kipaji kilikuwepo tangu mwanzo. Disney ilipoinunua Pixar mwaka 2006, wakubwa wapya walikuja na msimamo kwamba miendelezo ya bei nafuu inachafua jina. Mwaka huo huo studio ya Sydney ikafungwa. Ya mwisho ya aina hiyo ilitoka 2008, na kitengo chenyewe, Disneytoon, kikafungwa 2018.

Lakini maneno yetu hayakuacha kutumika. Mfululizo wa televisheni The Lion Guard, 2015 hadi 2019, umejaa Kiswahili hadi pomoni: Jasiri na Janja ni fisi, Makuu na Kiburi ni mamba, na kiboko anaitwa Beshte, neno la vijiweni Nairobi kabisa. Hesabu ni ile ile, jina ni bure. Tena wakati mwingine jina huleta pesa: Disney iliomba alama ya biashara ya "Hakuna Matata" kwa nguo mwaka 1994, ikasajiliwa Marekani 2003, na kelele zikalipuka huku mwaka 2018. Haimzuii mtu kusema maneno hayo, inahusu nguo tu. Kinachoniuma mimi ni kingine. Mwaka 1994 ile sinema ilitiwa sauti za Kizulu kwa ajili ya Afrika Kusini. Sisi wenye majina tuliipokea kwa Kiingereza, na mwanangu yule wa Pap Onditi alihitaji kutafsiriwa kila kitu isipokuwa majina.

Ile ya 2019 iliyorudiwa kwa kompyuta iliingiza kama dola bilioni 1.6. Waongozaji walivaa miwani ya uhalisia pepe na kutembea ndani ya savana iliyoundwa kwa injini ya michezo, Unity. Picha moja tu ndani yake ilipigwa kwa kamera ya kweli. Mufasa ya Desemba 2024 iliingiza zaidi ya milioni 700. Teknolojia ya ajabu, nyuso zisizosogea.

Wenye hamu ya kuona Kiswahili kikiwa zaidi ya jina, tafuteni Kizazi Moto, filamu fupi kumi zilizotoka Julai 2023 kwa Disney+. Enkai imeongozwa na Ng'endo Mukii wa Kenya, Herderboy na Raymond Malinga wa Uganda. Anzeni na Herderboy.

Wiki ijayo narudi kwenye kazi yetu: nakala za akiba, na jinsi ya kuzijaribu kabla hujatoa ile amri.