Jembe la Mazimbu: Shule ya Wakimbizi Waliosoma na Kulima

Leo tunaleta historia ya shule ya sekondari iliyojengwa na wakimbizi, vijana kama sisi. Tumeichagua kwa sababu kila tukigusa habari ya bustani ya shule, lazima mmoja aseme: "Mimi sikuja shule kulima." Kumbe maneno haya yalisemwa zamani sana, na waliosema walikuwa na sababu.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi. Vijana wengi wakakimbia nchi yao, na baadhi yao wakafika mpaka Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Mwaka 1978 shule ikaanza. Mwaka uliofuata ikaitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 ambaye serikali ya makaburu ilimnyonga tarehe 6 Aprili 1979.

Hawakujenga madarasa peke yake. Walikuwa na maabara, maktaba, hospitali ndogo, karakana za useremala na ushonaji, na shamba kubwa. Walilima mahindi na mboga, wakafuga nguruwe, kuku na ng'ombe wa maziwa. Chakula cha shamba kiliingia jikoni kwao. Misaada ilikuja, hasa kutoka nchi za Ulaya ya Kaskazini na Uholanzi, lakini hawakutaka kukaa wakingoja lori tu.

Wazo hili lilikuwa tayari kwa wenyeji wao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Habari ya mbolea ifundishwe kwenye somo la sayansi, halafu wanafunzi waone shambani inafanya nini. Pia alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua, siyo kuamrishwa tu.

Sasa tuseme ukweli: Mazimbu haikuwa rahisi. Wanafunzi wengi hawakupenda jembe. Walitaka vitabu, mitihani na nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na kazi nyingi za shamba na ujenzi zikafanywa na Watanzania walioajiriwa. Tusiwacheke. Kwao, sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliwekwa ili mtoto mweusi afundishwe kuwa kibarua. Jembe la shule lilikuwa linamwambia: mahali pako ni hapa chini. Mtu aliyekimbia jambo kama hilo, ukimpa jembe tena bila kumweleza, atalichukia.

Hapa ndipo tunapojifunza sisi. Jembe ni lile lile. Tofauti ni kama mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza kwa nini, kupima, kuandika na kula alichopanda. Katika shule moja humu kambini mwanafunzi akichelewa anatumwa kumwagilia bustani. Hiyo ni adhabu, hakuna somo pale. Lakini chukua magunia mawili, uweke nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke vizuri, upande sukuma wiki yote mawili, moja na mbolea ya samadi, lingine bila. Kila wiki pima urefu na hesabu majani. Hilo ni jaribio la sayansi, hata kama shule haina maabara. Ng'oa kunde uangalie vinundu kwenye mizizi: ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewa na kulisha mmea. Kitu ulichokariri kwa Biolojia unakishika na mkono.

Tunajua Turkana siyo Morogoro. Mvua ni haba, maji tunapanga foleni ya mitungi, na ardhi siyo yetu. Ndiyo maana tunawaomba ninyi wa mashirika: mkileta mbegu, leteni pia mizani, rula na daftari, na muwaache wanafunzi wenyewe wapange nini kipandwe na mavuno yaende wapi.

Mwaka 1992, ule ule ambao Kakuma ilifunguliwa, wale wa Mazimbu walikuwa wanarudi kwao. Majengo yote wakaikabidhi Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yenye jina la Solomon Mahlangu. Wakimbizi waliwaachia wenyeji shule.

Na sisi, siku tukiondoka hapa, tutaacha nini? Tuandikieni: shuleni kwenu bustani ni somo au ni adhabu?