Kocha si Kungwi: Mamlaka na Shangwe katika Soka la Kimataifa la Wanawake

Tarehe 11 Juni 2019, mjini Reims, Marekani iliichapa Thailand mabao 13 kwa bila katika mchezo wao wa kwanza wa Kombe la Dunia la Wanawake. Hakuna timu, ya wanawake wala ya wanaume, iliyowahi kushinda kwa tofauti kubwa kiasi hicho katika fainali za Kombe la Dunia. Hata hivyo mjadala uliozuka haukuhusu sana mabao, ulihusu shangwe. Megan Rapinoe, alipofunga la tisa, alizunguka pembeni mwa uwanja kisha akajitupa chini na kurusha mguu hewani mbele ya wenzake wa benchi. Wachambuzi wa televisheni ya Kanada, wakiwemo wanawake waliowahi kuichezea timu ya taifa ya nchi hiyo, waliona huo ni utovu wa adabu. Swali likapelekwa kwa kocha, Jill Ellis: mbona hakuwatuliza wachezaji wake? Naye akauliza kama kocha wa Kombe la Dunia la wanaume angeulizwa jambo hilo.

Swali lile lilibeba dhana kwamba kocha wa timu ya wanawake, mbali na kupanga kikosi na mbinu, ana wajibu wa kuwafunda wachezaji wake, kama kungwi anavyowafunda wari, lini wacheke na lini wajizuie. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Shangwe ya bao ni kauli ya mchezaji mwenyewe, na mipaka yake imekwisha kuwekwa. Kanuni ya 12 ya mchezo inamruhusu mchezaji kushangilia, kisha inataja yanayomletea kadi ya njano: kuvua fulana, kupanda uzio wa uwanja, kufunika uso kwa kinyago, kufanya ishara za uchokozi. Msimamizi wa hayo ni mwamuzi. Lawama za Reims hazikuwa za kikanuni. Zilikuwa za adabu, na adabu hiyo akatakiwa kuijibia mtu ambaye hakufunga hata bao moja.

Waliomtetea Ellis walikimbilia hesabu. Katika hatua ya makundi, pointi zikilingana huangaliwa tofauti ya mabao, na Marekani ilikuwa kundi moja na Sweden. Ni kweli kwamba timu hizo zilipokutana Le Havre tarehe 20 Juni, Marekani ilihitaji sare tu ili iongoze kundi. Utetezi huo ni sahihi, ila hautoshi. Tofauti ya mabao inaeleza kwa nini waliendelea kufunga. Haielezi kwa nini waliruka na kupiga kelele. Maelezo yenye uzito yako kwenye orodha ya wafungaji. Walikuwa saba, na wanne kati yao, Rose Lavelle, Lindsey Horan, Samantha Mewis na Mallory Pugh, hawakuwa wamewahi kucheza Kombe la Dunia kabla ya siku ile. Pugh aliingia akitokea benchi, mchezo umekwisha kuamuliwa. Kwenye ubao wa matokeo bao lake lilikuwa nyongeza tu. Kwake lilikuwa la kwanza katika mashindano aliyoyaota tangu utotoni, kama anavyoyaota kila mchezaji. Kocha angemwambia nini? Asifurahi kwa sababu wenzake walimtangulia kufunga?

Jibu la Ellis nalo lina udhaifu wake. Wanaume pia hujizuia. Tarehe 8 Julai 2014, mjini Belo Horizonte, katika Kombe la Dunia la wanaume, Ujerumani iliifunga Brazil 7-1, na mchezaji wake Mats Hummels alisimulia baadaye kwamba wakati wa mapumziko, wakiongoza 5-0, wachezaji walikubaliana kuendelea kucheza kwa umakini bila kuwadhalilisha wenyeji. Kwa hiyo si kweli kwamba staha hudaiwa kwa wanawake peke yao. Tofauti iko penginepo: wale Wajerumani walisifiwa kwa uamuzi wao wenyewe kama watu wazima, ilhali katika kisa cha Reims wengi walimtafuta mlezi wa kulaumiwa.

Siku tano baada ya Reims, mjini Nice, Thailand ilikuwa nyuma kwa mabao manne dhidi ya Sweden, dakika 90 zimekatika, Kanjana Sungngoen alipotikisa wavu. Wachezaji wenzake walimvamia kana kwamba wametwaa kombe, na kwenye benchi meneja wa timu, Nualphan Lamsam, alibubujikwa na machozi. Sweden ikaongeza la tano kwa penalti. Hapo hakuna aliyesema mchezo ulikuwa umekwisha kuamuliwa kwa hiyo shangwe hazikuwa na maana. Dunia nzima ilifurahi nao, na ilikuwa haki. Lakini kama bao lisilobadilisha matokeo linaweza kushangiliwa na anayefungwa, sioni kigezo cha kimichezo kinachomkataza anayefunga. Kilichobaki ni huruma, na huruma haiagizwi kutoka benchi. Siku hiyohiyo jijini Paris, Carli Lloyd wa Marekani alipoifunga Chile, alishangilia kwa kupiga makofi madogo ya ncha za vidole, kama watazamaji wa gofu. Wakosoaji walijibiwa bila mkutano na waandishi wa habari.

Ikiwa kocha si mwenye shangwe, basi uhusiano wake nazo hupimwa kwa njia nyingine: je, wachezaji humkaribisha katika shangwe zao? Tarehe 31 Julai 2022, Wembley, Chloe Kelly aliifungia Uingereza bao la ushindi dhidi ya Ujerumani katika dakika ya 110 ya fainali ya Ulaya, akavua fulana, akaonyeshwa kadi ya njano, na hakuonekana kujutia. Baadaye kocha Sarina Wiegman alikuwa akizungumza na waandishi wakati wachezaji walipovamia chumba wakiimba, na kipa Mary Earps akapanda juu ya meza kucheza. Wiegman hakuwafukuza. Huo ndio ushahidi bora wa mamlaka ya kocha niujuao: watu uliowapanga, uliowaacha benchi na uliowakaripia mazoezini wanakutafuta wewe kwanza wanapofurahi.

Sydney, tarehe 20 Agosti 2023, ilionyesha kinyume chake. Hispania iliifunga Uingereza 1-0 kwa bao la Olga Carmona ikawa bingwa wa dunia. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2022, wachezaji 15 walikuwa wameliandikia shirikisho lao kwamba hawako tayari kuitwa kikosini katika mazingira yaliyokuwepo. Shirikisho likasimama na kocha Jorge Vilda, na ni watatu tu kati ya hao 15 waliokuwemo kwenye kikosi cha Kombe la Dunia. Picha zilizoenea baada ya kipyenga zilionyesha wachezaji wakikumbatiana kundi moja, na Vilda akishangilia zaidi na watu wa benchi lake. Hakukuwa na tamko wala bango, lakini ujumbe ulisomeka. Kisha jukwaani rais wa shirikisho, Luis Rubiales, alimshika kichwa Jenni Hermoso na kumbusu mdomoni bila ridhaa yake. Mwaka 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa unyanyasaji wa kingono na kumtoza faini. Baada ya miaka mingi ya kuwauliza makocha kama wachezaji wao wanafurahi kupita kiasi, aliyevuka mpaka mbele ya kamera za dunia alikuwa kiongozi mwenye suti.

Tarehe 31 Agosti 2023, mjini Monaco, Wiegman alipokea tuzo ya UEFA ya kocha bora wa mwaka. Alikuwa amefungwa na Hispania siku 11 tu nyuma. Aliitoa tuzo hiyo kwa wachezaji wa Hispania, akasema wanastahili kushangiliwa na kusikilizwa, na akaiomba hadhira iwapigie makofi pamoja naye. Tarehe 5 Septemba, shirikisho la Hispania lilimfuta kazi Vilda, akiwa amekaa siku 16 kama kocha bingwa wa dunia.