Santuri Iliyopikwa Kando ya Tanuri

Vigogo wa kampuni ya muziki ya Epic walikuwa na sharti moja tu. Nyimbo za majaribio walizoletewa wamezipenda, lakini zirekodiwe upya kwenye studio ya maana, chini ya mtayarishaji mwenye jina. Mtayarishaji akapatikana, John Boylan. Akawachukua wanamuziki wa bendi ya Boston, akaenda nao Los Angeles, wakaingia studio. Makao makuu roho zikatulia. Wasichojua ni kwamba wimbo uliokuwa ukirekodiwa huko kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mmoja, "Let Me Take You Home Tonight". Albamu yenyewe ilikuwa ikitengenezwa upande wa pili wa Marekani, katika mji wa Watertown, Massachusetts, na jamaa wa futi sita na inchi tano aliyejifungia kwenye chumba cha chini ya ardhi, pembeni ya tanuri la kupashia nyumba joto.

Jamaa huyo ni Tom Scholz. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimepigwa mbao za msonobari, na mara kwa mara maji yaliingia.

Alizaliwa Toledo, Ohio, Machi 10, 1947. Baba yake alikuwa mjenzi wa nyumba. Utotoni alifundishwa piano, tena ile ya nota na nidhamu. Gitaa alilishika ukubwani, akiwa tayari mwanafunzi wa chuo cha MIT. Alipata shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1969, ya uzamili mwaka uliofuata, kisha akaajiriwa na Polaroid, watengenezaji wa zile kamera zinazotema picha papo hapo. Mchana akawa mhandisi wa bidhaa mpya, usiku akawa fundi wa sauti. Mshahara wa mchana ulimezwa na mashine za usiku.

Mashine kuu ilikuwa ya mkanda, aina ya Scully, yenye njia 12. Kwa asiyeijua kazi hii: kila njia inabeba sauti yake bila kuzigusa nyingine. Unapiga gitaa la kwanza, unarudisha mkanda mwanzo, unavaa hedifoni, unapiga la pili juu ya lile la kwanza. Ukikosea sekunde moja, unarudia. Gitaa, besi, kinanda cha Hammond, karibu vyote alivipiga mwenyewe, akavipanga tabaka kwa tabaka mpaka magitaa yake yakawa yanaitikiana kama kwaya. Sauti ya kuimba ilikuwa ya Brad Delp, kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, kwenye utengenezaji wa vipasha joto vya mashine za kahawa. Delp naye alijiitikia mwenyewe, sauti juu ya sauti, hadi unadhani wameimba watu sita. Wimbo wa "More Than a Feeling" peke yake ulimchukua Scholz kama miaka mitano hadi kukamilika.

Siku hizi kurekodi chumbani si habari. Kila mtaa wetu una kijana mwenye kompyuta, kipaza sauti kimoja na godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Wakati ule studio ilikuwa jengo, ilikuwa wafanyakazi, ilikuwa fedha, na msanii aliingia pale kwa hisani ya kampuni.

Tatizo lililomsumbua zaidi lilikuwa la kifundi. Ampilifaya ya valvu haitoi ule mlio mnene na mtamu wa roki mpaka uifungulie hadi mwisho, na ukiifungulia hadi mwisho nyumba nzima haitalala. Scholz akabuni kisanduku kinachokaa kati ya ampilifaya na spika. Ampilifaya inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaishia kwenye kisanduku na kugeuka joto. Spika inapata masazo tu. Mlio unabaki ule ule, makelele yanapungua. Baadaye alikiuza kwa jina la Power Soak.

Mambo yalipoiva, gari la kurekodia likaegeshwa nje ya nyumba, nyaya zikapitishwa dirishani hadi chini, na yote yaliyokuwa kwenye mkanda wa njia 12 yakahamishiwa kwenye wa njia 24. Delp aliongeza sauti zake Los Angeles. Agosti 25, 1976 albamu ikatoka, jina lake Boston, jaladani vyombo vya angani vyenye umbo la gitaa vikiikimbia dunia inayolipuka. Marekani pekee imeuza nakala zaidi ya milioni 17.

Wahakiki wengi waliudharau muziki huu, wakauita roki ya makampuni, bidhaa ya kiwandani. Mimi huwa nacheka. Kampuni ndiyo iliyokuwa imepigwa chenga.

Lakini kampuni ina kumbukumbu, na ina kalenda. Ilitaka albamu ya pili haraka. Don't Look Back ikatoka Agosti 1978, ikashika namba moja, na Scholz mwenyewe akanung'unika kwamba ameharakishwa. Kwa ya tatu akagoma kuharakishwa tena. Mwaka 1983 CBS, wamiliki wa Epic, walimfikisha mahakamani wakidai dola milioni 60 kwa kuchelewesha kazi, huku malipo yake ya mauzo wakiyashikilia.

Msanii mwingine angepiga magoti. Scholz alikuwa na karakana. Tangu 1980 alikuwa na kampuni yake ya kutengeneza vifaa, na mwaka 1982 ilitoa Rockman, kisanduku cha kuning'iniza kiunoni: unachomeka gitaa upande mmoja, hedifoni upande mwingine, na ule mlio uliomgharimu miaka chini ya ardhi unaupata ukiwa umekaa kitandani. Vijana walikigombania. Bendi ya Def Leppard ilirekodia magitaa ya albamu yake ya Hysteria kwa vifaa hivyo. Mauzo ya visanduku yakalipa mawakili.

Third Stage ilitoka 1986 kupitia kampuni nyingine, MCA, miaka minane baada ya ile ya pili. Wimbo wake "Amanda" ulishika namba moja Marekani bila video, katika enzi ambayo wimbo usio na video ulihesabiwa maiti. Kesi nayo ilimalizika mwaka 1990, na mshindi akawa mhandisi.

Tangu hapo albamu zake zimekuja kwa kasi ya mbuyu kuota: 1994, 2002, 2013. Sisemi zote zina uzito wa ile ya kwanza, hazina. Delp alifariki Machi 2007. Albamu ya mwisho kati ya hizo, Life, Love & Hope, ilipotoka Desemba 2013, baadhi ya nyimbo zake zilikuwa na sauti yake. Scholz alikuwa amezihifadhi rekodi za rafiki yake, na miaka yote ile alikuwa bado anaziongezea magitaa.